Gaël Hageuki

Shingo ilimwasha Gaël kwa hamu ya kugeuka, lakini hakugeuka. Nyuma yake, kwenye lami ya mtaa wa Rohero, magurudumu ya valizi ya nguo yalikuwa yakilia kwii-kwii, na moyo wake ulikuwa ukicheza ngoma. Bibi yake anarudi nyumbani.

Elvire, mke wake, alikuwa amekimbilia kwao kwa sababu ya maharage. Tangu Gaël aingie dini ya siri ya Wathrakia, watu wa kale walioamini kwamba roho imefungwa mwilini kama mahabusu, alikuwa amepiga marufuku nyama na maharage nyumbani. Nyama si neno, hata zamani ilikuwa haionekani. Lakini maharage, Bujumbura? Jamani, mtoto wa watu angepika nini?

Leo Gaël alikwenda kumrudisha kama desturi inavyotaka, na kreti ya bia. Akahubiri sebuleni kwa wakwe mpaka sauti ikakauka. Baba mkwe alisinzia. Elvire alitazama ukuta. Ni mama mkwe tu, Mama Caritas, aliyeuliza: "Na roho ya mwanamke wa umri wangu, nayo inafunguliwa?"

"Inafunguliwa, Mama," akajibu Gaël, akainuka. "Wathrakia walikuwa na mwimbaji aliyemfuata bibi yake mpaka kuzimu. Wakati wa kurudi akageuka kumtazama, akamkosa. Mi sitageuka. Mwenye kukubali anifuate mpaka kwangu."

Akatoka, akasimama barabarani, mgongo ameupa nyumba, mpaka aliposikia valizi inakuja. Hapo akaanza kutembea.

Walipoingia Nyakabiga, mtaani kwake, furaha ilikuwa imempanda kichwani kabisa. "Chérie," akasema, macho mbele, "kitanda kilikuwa baridi bila wewe."

Nyuma mtu akakohoa. Fundi wa pikipiki kando ya njia akaacha kazi, akashika mbavu kwa kicheko. Gaël akampungia mkono. Acha wacheke, wivu huo.

"Na leo nitakusugua mgongo mi mwenyewe."

Valizi ikasita kidogo, kisha ikaendelea.

Akafungua mlango, akaingia, akasubiri mpaka valizi ivuke kizingiti. Ndipo akageuka, mikono wazi.

Mama Caritas alikuwa akijifuta jasho kwa ncha ya kitenge, uso unang'aa kama wa bibi harusi.

"Elvire amekataa, mukwe wangu," akasema. "Mi ndiyo nimekubali."