Kiganja cha Ziada

Zama wanyama walipokuwa wakikopeshana mtama, mwenye ghala alikuwa Kindi, na kila kibaba alichokopesha sharti kirudi na kiganja kimoja cha ziada.

Mama Kanga hakuwahi kuchelewesha. Siku moja akauliza, "Bwana Kindi, mbona wanitoza sawa na Nguchiro, asiyelipa kabisa?"

"Kiganja chako ndicho kinachoziba pengo lake."

"Kumbe namlisha Nguchiro, na wanangu wanalala njaa!"

Kindi akajifanya anafagia.

Masika yakaja, ghala likaingia maji, mtama wote ukaoza. Kindi, mkia chini, akamwendea Kanga, ambaye mavuno yake yalikuwa yamesalimika. "Nikopeshe kibaba, nitarudisha na viganja viwili."

Kanga akampimia mpaka kikamwagika. "Rudisha hichohicho, ndugu yangu. Wewe nakujua."

Kindi akashindwa kunyoosha mkono. Yeye naye alimjua Kanga miaka yote hiyo, na bado kila mara alikichukua kiganja cha ziada.