Chokaa ya Chumba cha Saba

Siku hizi kuta zinasema. Ukibandika chombo cha kusikilizia ukutani, kinakutolea maneno yote yaliyonaswa chokaa ilipokuwa mbichi, na sheria inataka kila hoteli ya kale iwasikilizishe wageni historia yake namna hiyo. Ukuta ukikandikwa upya, ya zamani hayasikiki tena.

Hoteli yetu hapa Pangani ilikuwa nyumba ya wazee wangu, wafanyabiashara wa mbata. Leo asubuhi nilikuwa nasikiliza chumba cha saba peke yangu, nikamsikia bibi yake baba akimnong'oneza dada yake: "Kikuku nimekificha mwenyewe. Acha wamfukuze Mwanaheri, mume wangu amezidi kumtazama."

Mwanaheri, mtumishi aliyefukuzwa humu kwa wizi wa kikuku hicho, ni bibi yake Saumu, mpishi wetu. Mpaka leo mjini jamaa zake wanaitwa ukoo wa wezi, na mimi mwenyewe, kila akitoka kazini, humkagua Saumu kapu lake mlangoni.

Nikakoroga chokaa, nikaukandika ukuta mzima. Nilikuwa namalizia Saumu alipoingia na kahawa.

"Bi Raya, hukumsikia bibi yangu humu? Marehemu mama alikuwa akisema iko siku ukuta utamsafisha."

"Hapana, Saumu. Sahani na vikombe tu vinagongana. Hakuna aliyemtaja."

"Basi," akasema taratibu. Akainama, akachukua ndoo yangu akaioshe.

Nikabaki nimeshika mwiko. Ukutani chokaa ilikuwa mbichi kabisa, na ilikuwa imetusikia.