Viatu Bapa vya Kisiwani

Godelive alikuwa amepiga magoti kwenye kibanda chake cha ushonaji pale mtaani Overport, pini kadhaa amezibana kwa midomo, akikunja upindo wa gauni la mteja, alipoisikia sauti ya binti yake.

Ilitoka kwenye simu ya mteja.

"Ni bibi harusi huyo, anatuelekeza mambo ya safari," mteja alisema. "Harusi iko Ugiriki, kisiwani. Sikia tu, mama."

Miezi yote hii binti alikuwa akisema kazi zimembana, hana nafasi ya kuja nyumbani. Harusi hakuitaja. Godelive alibaki ameshika upindo ule ule.

"Boti inayumba, kwa hiyo mje na dawa ya kichefuchefu," sauti iliendelea kwa furaha. "Ngazi za huko ni za mawe na zinateleza. Vaeni viatu bapa, visigino niachieni mimi. Na tafadhali, mbele ya wakwe msinitajie mama. Alifia vitani, Burundi. Nitalia, mekapu yote iharibike."

"Eish, maskini," mteja alisema, akaizima simu.

Godelive alizitoa pini moja moja, akaziweka kiganjani. Ya mwisho ilikuwa na damu.

"Mwambie asivae visigino," alisema, macho bado kwenye upindo. "Mguu wake wa kushoto ulivunjika siku tulipokimbia vita. Nilimbeba mgongoni hadi Tanzania."