Mshale Uliogoma Kushuka

Mama Pacha alipofika na gari lake juu ya mlima aligonga kioo cha mshale wa mafuta kwa ukucha. Haukushuka. Siku zote hapa taa nyekundu huwa imeshawaka. Leo mshale umegoma juu ya nusu.

"Umeniongezea mafuta?" alimuuliza fundi aliyeketi kando yake.

"Hata tone. Nimemwaga ile oili nzito unayoing'ang'ania, nikatia nyepesi. Nzito iliilemea injini, ndiyo maana gari likawa linakunywa mafuta."

Mama Pacha akapiga usukani kwa furaha, akacheka mpaka machozi. Halafu akakanyaga breki ghafla. Kumbe alimfukuza bure shemeji yake aliyekuwa dereva wa gari hili, akamwita mwizi wa mafuta mbele ya ukoo mzima.

"Hamia nyuma," alimwambia fundi, akaligeuza gari.

Mlangoni kwa shemeji alipiga honi, akahamia kiti cha abiria, akaiacha injini ikinguruma.