Mnara wa Mke Mwenza

Kwa mara ya tatu wiki ile, Bi Hafidha wa Nshambya aliingia ofisi ya kampuni ya simu pale Bukoba mjini kulalamikia mtandao wa Muleba. Si wa Nshambya. Wa kwake, alisema, haukuwa na neno.

Mwesiga, fundi mitambo wa kampuni, alimpa kiti huku akijiuliza mtu wa Bukoba anaumizwa na nini na mnara wa Muleba.

"Kule yuko mke mwenzangu, Yasmin," alisema Bi Hafidha. "Mzee akimpigia jioni kwa video, sura inaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba. Mzee anabaki anaongea na picha."

Kisha akamwaga yote. Mumewe, Mzee Muharami, alikuwa mstaafu mwenye mgongo mbovu. Picha ikiganda, alidhani Yasmin kamkatia simu; Yasmin naye alidhani kakatiwa yeye. Asubuhi mzee yuko stendi, anapanda basi kwenda kusuluhisha ugomvi ambao haukuwepo. Akishafika Muleba, mgongo humkatalia safari ya kurudi mpaka wiki iishe. Bi Hafidha alisema mambo yakiendelea hivyo nyumba itavunjika, akajifuta jicho kwa ncha ya mtandio.

Mwesiga aliguswa. Alikulia katika nyumba ya Kikatoliki yenye mke mmoja, na huyo mmoja, mama yake, Immakulata, alitosha kabisa kuijaza nyumba kelele. Hakuwahi kuona mwanamke akimhangaikia mke mwenzake namna hii. Jioni alipomsimulia mkewe, Joanitha, mkewe alimtazama kidogo, akaendelea kumenya ndizi.

Sasa, kazi ya Mwesiga ilikuwa hiyo hasa. Mnara una nafasi yake, na jioni kila mtu anaitaka: huyu anapiga simu, yule anapakua filamu, mwingine anatazama mpira. Zamani wote walisukumana mlangoni. Siku hizi mitambo inajua nani anafanya nini, na fundi anaweza kuamua nani apishwe, kama zahanati inavyompisha anayetoka damu. Kampuni ilikuwa inaujaribu mpango huo Muleba, na uamuzi alikuwa ameachiwa Mwesiga: asikilize wateja, ajue wanahitaji nini, ndipo apange.

Wateja wengi walishasema. Waliosema kwa sauti kubwa zaidi ni watu wa Ishengoma, mwenye kibanda cha kuonyeshea mpira karibu na soko la Muleba. Walitaka mpira upite kwanza. Wao walikuwa sitini, Bi Hafidha alikuwa mmoja. Meneja alimwonya Mwesiga kwamba akiwaudhi wale, lawama ataibeba peke yake.

Mwesiga aliwaza siku mbili. Mpira ukiganda, mtu anakosa goli. Nyumba ikivunjika je? Ijumaa alikaa mbele ya kompyuta akapanga: kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, simu za video mbele, mpira nyuma.

Jumamosi Ishengoma alimpigia mara kumi na moja. Penalti ilikuwa imegandia hewani, na kibanda kizima kikabishana kama imeingia au haikuingia mpaka benchi likavunjika. Mwesiga alipokea matusi yote kwa utulivu wa mtu aliyetenda jema. Ofisini alianza kumtaja Bi Hafidha kama mfano. Alimwambia hata meneja kwamba Bukoba ingekuwa na wanawake watano wa aina ile, mahakama ingekosa kesi.

Miezi miwili baadaye kampuni ilitaka kujua kama majaribio yamefaa, ikatuma fomu za kujazwa na wateja. Mwesiga hakujiuliza aanze na nani. Alikwenda mwenyewe hadi Nshambya, akamkuta Mzee Muharami kibarazani, amenenepa, simu ameiegemeza kwenye birika. Yasmin alionekana wazi mpaka hereni. Walikuwa wakizungumza habari za mvua, taratibu, bila ugomvi wowote.

Mwesiga alifurahi mpaka akajionea haya. Aliingia sebuleni, akasubiri Bi Hafidha alete chai, akafungua fomu na kumsomea swali la kwanza: huduma imekidhi hitaji lako kwa kiasi gani?

Bi Hafidha alitupa jicho kibarazani, akavuta kigoda karibu na kushusha sauti.

"Andika asilimia mia, mwanangu. Huu mwezi wa pili, mzee hajakanyaga Muleba."