Lango la Mwisho

Gwenda alibaki gizani kwenye lango la mwisho, akiwatazama wenzake wakiteremka kuelekea taa za baa.

Yalikuwa matembezi yake ya kwanza ya usiku na kikundi hiki, na kwao mgeni hutembea nyuma ya wote, akifunga malango ya mashamba. "Kondoo wakitoka, bibie, raundi ya kwanza unanunua wewe!" kiongozi alikuwa amemtania.

Lango lenyewe lilikuwa limelegea. Ilibidi alinyanyue, alisukume kwa goti, ndipo komeo likaingia. Glavu yake ikanata kwenye chuma chenye barafu.

"Umefunga?" kiongozi aliita kutoka chini.

"Nimefunga!"

"Basi njoo, supu inapoa! Wote tumefika, umebaki wewe tu."

Akacheka, akaanza kuteremka. Hakufika mbali, akasikia lango likikwaruza ardhi nyuma yake.

Akasimama. Hakuthubutu kugeuka.

Kukawa kimya. Kisha lango likanyanyuliwa, goti likagonga mbao, na komeo likaingia taratibu mahali pake.