Jasho la Upako

Mke wa mwoka mikate alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa cheupe, anavuta pumzi kama mtu wa mafua anayejifukiza.

"Jasho la nani hilo?" mumewe akauliza kutoka mlangoni, ingawa jibu alikuwa nalo.

"La Baba. Na viatu vua huko huko nje."

Huyo Baba hakuwa baba wa mtu yeyote humo ndani. Alikuwa mchungaji wao, mwanamume wa viganja laini, asiyeketi pasipo na feni. Kila ibada alijipangusa shingo madhabahuni, kisha akatangaza kwamba Mungu hupitia kwake kwanza kabla ya kumfikia muumini mwingine. Baadaye waumini waligawiwa vitambaa, kila kimoja ndani ya mfuko wa nailoni ili upako usitoroke. Shingo moja, vitambaa kapu zima! Na watu wazima, wenye akili zao, wanapigana vikumbo kugombea uchafu wa mtu. Kinyaa kitupu.

Mwoka mikate akaenda kuketi kwenye kochi. Ndipo alipokuwa akilala siku hizi, maana mkewe alisema chumbani hakukaliki, ananuka jasho la tanuri. La mwanamume mwingine, lo, hilo lililala chini ya mto wake.

"Shingo imekuwaje?" mke akauliza bila kumtazama.

"Koleo la kuvutia trei. Ncha zake za moto zilitoboa kitambaa changu cha jasho hapa shingoni, zikafika kwenye ngozi. Tangu juzi inawaka moto."

"Ungekuwa chini ya Baba usingeungua."

"Mimi naomba kila asubuhi mbele ya tanuri. Kwani Mungu hanisikii mpaka apite kwenye kwapa la mtu?"

"Koma! Wewe huna upako. Jasho lako ni jasho tu."

"Afadhali yule shemasi wenu ninayekanda naye unga. Anachukua nguo zetu za kazi na vitambaa vya jasho kwenda kutufulia sote, wala hajioni. Huyo ndiye Mkristo."

Mke alisogeza mguu, na mwoka mikate akaliona begi nyuma ya kiti, limejaa hadi zipu imegoma kufunga.

"Baba amesema nisikae na mume anayekataa kifuniko cha kiroho," mke akasema.

"Kifuniko? Mimi ni sufuria?"

Zamani angecheka. Mke akaanza kulia, na hilo ndilo lililommaliza nguvu mwoka mikate.

"Kikubali kitambaa hiki kifuani mwako mara moja tu," mke akasema. "Mara moja, nami nabaki. La sivyo kesho niko kwetu."

Akalitazama begi. Alimpenda mwanamke huyu hata na wazimu wake wote. Akafungua vifungo vya shati, akalala chali kwenye kochi, akafumba macho kama mtu anayesubiri sindano.

Kitambaa kikatua kifuani. Bado kilikuwa na unyevu. Akauma meno. Jasho la mwanamume, juu ya ngozi yake, ndani ya nyumba yake! Alitamani kutapika na kumtapikia mchungaji mwenyewe.

Kisha mkewe akainama na kulaza kichwa juu ya kitambaa. Hakuwa amemkaribia hivyo tangu alipoanza kwenda kwa Baba. Akavuta pumzi ndefu, mabega yakamlegea, mkono wake ukamzunguka mumewe kiunoni.

"Unaisikia?" akanong'ona. "Hii ndiyo harufu ya mtumishi wa Mungu. Ningepewa, ningelala humu humu maisha yangu yote."

Mwoka mikate akafumbua macho ili amtazame. Kwenye pindo la kitambaa, karibu na pua ya mkewe, palikuwa na matundu mawili meusi, yameachana upana wa koleo.